Muhogo Wetu Umesomwa: Nani Aliyelipa, na Fungu Letu li Wapi?

Katika mwezi wa Ramadhani uliopita nilikwenda kufuturu kwa shangazi yangu, mashambani, nyuma ya Takaungu. Kila ajuaye desturi za Pwani anajua kwamba futari ya nyumba ya shamba haikamiliki pasi na muhogo wa nazi. Tende zitakuwapo, uji wa pilipili manga utakuwapo, na mbaazi pia, lakini ni ule muhogo uliopikwa kwa tui zito unaomfanya mtu ajifute midomo na kusema, "Alhamdulillahi, leo nimefuturu." Siku ile sinia liliandaliwa, tukakaa, na muhogo haukuwapo.

"Shangazi, kulikoni?" nikauliza.

Hakunijibu mpaka tulipokwisha kuswali Magharibi. Kisha akachukua taa, akanipeleka nyuma ya jiko palipokuwa na lundo la mihogo iliyong'olewa siku ile ile. Akaokota mmoja, akaukata kwa kisu katikati. Mahali pa weupe niliouzoea palikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, makavu na magumu. Akakata wa pili, akakata wa tatu. Yote ilikuwa hivyo.

"Majani yalikuwa mazima, mwanangu," akasema. "Mwaka mzima napalilia, naona kijani, moyo wangu umetulia. Kumbe tumbo limeoza. Huu sasa hata kachri haufai, hata mbuzi hauli."

Muhogo ulioharibika ulikuwa Kibandameno, mbegu ambayo watu wa Pwani wameipenda kwa utamu wake tangu wazee wetu. Lakini asubuhi yake, tulipokwenda shambani, shangazi alinionyesha mashina kama kumi yaliyosimama pembeni, karibu na mwembe. Akang'oa moja, akalikata mbele yangu. Lilikuwa jeupe kama tui.

"Huu ni Kaleso," akasema. "Ni wa marehemu babu yako. Alipewa vijiti na bwana shamba, akaapa hautatoka katika shamba hili. Sisi tukaupuuza kwa sababu ya Kibandameno."

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa mashairi na kalamu, si bwana shamba. Lakini swali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki: kwa nini huu uoze na ule usioze, ilhali udongo ni mmoja na mvua ni moja? Nikaanza kuuliza na kusoma. Nilidhani nitafuata habari ya muhogo wa shangazi mpaka Mtwapa tu, kwenye kituo cha utafiti cha Serikali. Habari hiyo ilinichukua mpaka milima ya Usambara, ikanipeleka Uganda na Nigeria, ikanivusha bahari mpaka Marekani. Na kila nilipofika nilikuta jambo moja linaulizwa: nani atalipa?

ILIKOTOKA KALESO

Muhogo si mzaliwa wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na walioufikisha Afrika ni Wareno. Lakini magonjwa yake mawili makubwa yanajulikana tangu zamani katika ardhi hii ya Afrika Mashariki. La kwanza ni lile linaloyakunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, ambalo wakulima wengi huliita batobato. Mjerumani mmoja, Otto Warburg, aliliandika habari zake mwaka 1894 kutokana na muhogo wa Tanganyika. La pili ndilo lililomfika shangazi, michirizi ya kahawia, nalo liliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na Mwingereza aitwaye H. H. Storey. Yote mawili huletwa na virusi, na virusi hivyo huchukuliwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani. Tena huchukuliwa na binadamu mwenyewe, pale anapokata kijiti cha muhogo mgonjwa akampa jirani kwa wema.

Storey alikuwa akifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, si mbali na Tanga. Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kikawa mikononi mwa Waingereza. Storey na mwenzake, R. F. W. Nichols, na baadaye D. L. Jennings, waliona kwamba muhogo wa kawaida haukuwa na kinga ya kutosha. Wakauendea mti wa ukoo wake, ule mpira wa Ceara ambao kwa kitaalamu huitwa Manihot glaziovii. Mti huo mizizi yake haifai kuliwa, lakini magonjwa hauyajali. Wakauoza na muhogo. Watoto waliozaliwa walikuwa na kinga ila hawakuwa na chakula cha maana, kwa hiyo wakawarudisha kwa muhogo tena, na tena, mara tatu, mpaka wakapata miti yenye mizizi ya kulika na damu kidogo ya mpira ndani yake.

Kazi hiyo ilikoma mwaka 1957. Mmoja wa miti iliyotokana nayo ulipewa nambari 46106/27. Nambari si jina la kuitwa shambani, basi watu wakaupa majina yao. Huku kwetu Pwani ya Kenya ukaitwa Kaleso. Upande wa Tanzania kuna muhogo unaosifiwa kwa kinga, uitwao Namikonga. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni mihogo miwili. Vipimo vya vinasaba vikaja kuonyesha kwamba ni mti mmoja. Nilipoyasoma hayo nikawakumbuka jamaa zetu wa Vanga, ambao nusu ya ukoo iko huku na nusu iko ng'ambo ya mpaka, kila upande na kitambulisho chake, na bibi ni mmoja.

Wala mbegu ya Amani haikuishia Pwani. Nyingine ilipelekwa Nigeria, na huko ukapatikana muhogo wa nambari 58308. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kilichoko Ibadan, IITA, kiliutumia huo katika miaka ya 1970 kuwa mzazi wa mihogo yenye kinga ya batobato iliyosambaa sehemu nyingi za Afrika. Leo Nigeria ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha muhogo. Mtu akila gari kule Lagos, huenda anakula tone la jasho lililomwagika Usambara.

Fedha za Amani zilikuwa fedha za umma, japo umma wenyewe haukuulizwa. Serikali ya kikoloni ililipa, vibarua wa Kisambaa wakalima, na majina yaliyoandikwa vitabuni ni ya wakubwa. Hayo yamepita. Nayataja kwa sababu mtindo wake haujapita wote, kama tutakavyoona.

KITABU CHA HARUFI NNE

Sasa tuje kwenye neno hili jipya, jenomu, linalotajwa sana siku hizi kwenye mikutano ya kilimo. Nitalieleza kama nilivyolielewa mimi.

Kila kiumbe kina maandishi ndani yake, yaliyoandikwa kwa harufi nne tu: A, T, C na G. Mpangilio wa harufi hizo ndio unaoamua jani liwe pana au jembamba, mzizi uwe mtamu au mchungu, mti uugue au upone. Muhogo una jozi 18 za kromosomu, tuseme juzuu 18, na zote pamoja zina takriban harufi milioni 750. Jenomu ni kitabu hicho kizima. Kukisoma ni kuzijua harufi zake moja baada ya moja, kwa mpangilio.

Lakini kusoma si kufahamu. Sisi tuliopita chuoni tunalijua hili vizuri. Nilihitimu msahafu nikiwa mtoto, naweza kuutamka kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya kukosea irabu, na maana sikuijua. Maana ilikuja baadaye, neno kwa neno, kwa miaka, na kwa mwalimu. Hali ya jenomu ndiyo hiyo hiyo. Kwanza unatamka, kisha unatafuta ni neno lipi linalomkinga muhogo na michirizi ya kahawia. Hiyo ya pili ndiyo kazi ndefu, na ndiyo inayotaka fedha za miaka mingi.

Kitabu cha muhogo kilitamkwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, na aliyelipa sehemu kubwa ni Mmarekani mlipa kodi. Kazi ilifanywa katika taasisi iitwayo Joint Genome Institute, iliyo chini ya Wizara ya Nishati ya Marekani, kwa kushirikiana na vyuo na kampuni moja ya mashine za kusomea. Msomaji atauliza: Wizara ya Nishati na muhogo wapi na wapi? Jawabu ni kwamba wanga wa muhogo hutengenezwa pombe ya kuendeshea magari. Wao walikuwa wakitafuta mafuta. Sisi tulikuwa tukitafuta futari. Mti uliosomwa ulitoka Kolombia, katika kituo cha CIAT, nao pia jina lake ni nambari: AM560-2. Katika kitabu chake zilihesabiwa jeni zaidi ya 30,000.

Simlaumu mtu kwa nia yake. Msikiti huweza kujengwa na tajiri anayetafuta sifa, na maskini akapata kivuli cha kuswalia. Tena waliofanya kazi ile walifanya jambo la kusifiwa: walikiweka kitabu wazi, kila mtu duniani akisome bila ya malipo.

Mwaka 2016 ukatoka utafiti mkubwa zaidi katika jarida la Nature Biotechnology. Wataalamu walisoma mihogo mingi, ya mashamba na ya mwitu, wakailinganisha. Katika juzuu za mihogo ya Afrika walikuta vipande ambavyo si vya muhogo. Vilikuwa vya mpira wa Ceara. Ile damu waliyoitia wazee wa Amani, ikarudishwa mara tatu, ikapewa bwana shamba, ikafika kwa babu yangu, ilikuwa bado inasomeka. Na mwaka 2017 wataalamu walitoa habari za watoto waliozaliwa kwa kumwoza Namikonga na muhogo mwingine wa Tanzania uitwao Albert. Waliwachunguza watoto hao shambani na katika maabara, wakaonyesha ni juzuu zipi zina uhusiano na kinga ya michirizi ya kahawia.

Kwa hiyo jibu la swali langu lilianza kupatikana. Mashina ya pembeni mwa mwembe hayakuoza kwa sababu yana urithi ambao Kibandameno haina. Urithi huo sasa unajulikana uko pande zipi za kitabu.

KWA NINI MFANYABIASHARA HAKUJA

Wengine husema: kama jambo hili lina faida, mbona kampuni za mbegu hazikulifanya zenyewe, mpaka ziombwe serikali na wafadhili?

Mwulize mwenye duka la mbegu. Mahindi ya chotara mkulima hununua kila msimu, kwa sababu akipanda punje za mavuno yake hazimpi tena kama zile za kwanza. Muhogo haupandwi hivyo. Unakata kijiti, unakifukia, basi. Mwakani unavyo vijiti ishirini, na jirani akija kuomba huwezi kumnyima. Mfanyabiashara atauza mara moja, kisha kijiji kizima kitagawana. Tangu lini mtu akatia mtaji mkubwa katika kitu ambacho majirani hupeana ukutani?

Ndiyo sababu muhogo, wimbi, mbaazi na viazi vitamu vimekaa nyuma miaka mingi, ilhali mahindi na ngano vinasomwa na kusomwa tena. Chakula cha maskini hakina dalali. Kikitaka kusomwa, lazima fedha ziwe za umma, au za mtu aliyeamua kuzitoa kwa ajili ya umma.

Na hatari ilikuwa kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ililipuka Uganda, ikala mashamba wilaya baada ya wilaya, watu wakaona njaa. Michirizi ya kahawia nayo ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa Pwani tu, wa mabondeni penye joto. Mwaka 2004 ikaonekana Uganda, mbali na bahari, mahali pa juu. Hapo ndipo watu wa bara walipofahamu kwamba ugonjwa wa Mswahili ni ugonjwa wao.

Ushirika ukaundwa. Mwaka 2012 ulianza mradi wa NextGen Cassava chini ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, pamoja na taasisi za serikali za Uganda na Nigeria na kile kituo cha Ibadan. Fedha zake, dola milioni 25.2, zilitoka kwa wakfu wa Bill na Melinda Gates na kwa Serikali ya Uingereza. Mwaka 2018 zikaongezwa dola milioni 35 na wafadhili hao hao, na Tanzania ikaingia. Kazi yenyewe ni hii: badala ya kungoja muhogo ukue mwaka mzima, ung'olewe, uonekane umeoza au haukuoza, wataalamu husoma harufi za mche ukiwa bado mchanga, wakakisia utakavyokuwa. Mbegu mpya ya muhogo ilikuwa ikichukua miaka minane au kumi kupatikana. Kwa njia hii wazazi wazuri huchaguliwa mapema na miaka ikapungua.

Kuna ushirika mwingine uliotuhusu sisi zaidi. Nchi tano, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Msumbiji na Malawi, zilikubaliana kila moja itoe mihogo yake mitano iliyo bora. Mihogo ikasafishwa virusi katika maabara, kisha kila nchi ikapewa ya wenzake iijaribu katika udongo wake. Mradi huo mimi naupenda kuliko yote, kwa kuwa una sura ya kitu tunachokijua: majirani watano, kila mmoja na sahani yake, wanabadilishana futari.

Hapa naomba nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya barazani. Kusoma jenomu si kutia jeni ya kigeni. Mtu anaweza kusoma kitabu asiandike neno ndani yake. Akachagua wazazi, akawaoza kwa chavua kama walivyofanya wazee wa Amani, ila sasa macho yako wazi. Upo mradi wa namna ya pili, wa muhogo uliotiwa kinga kwa uhandisi wa jeni, nao umejaribiwa hapa nchini, Mtwapa ikiwa mojawapo ya mahali. Mwaka 2021 mamlaka ya serikali inayosimamia mambo hayo iliuidhinisha uendelee kwenye majaribio ya kitaifa. Vyakula vya aina hiyo vilipigwa marufuku kuingizwa nchini mwaka 2012, marufuku ikaondolewa mwaka 2022, na mabishano yake yakapelekwa mahakamani. Hayo ni mazungumzo ya siku yake. Kaleso ya babu yangu haimo katika kesi hiyo.

USHIRIKA NI MAFUNGU

Baada ya kuhitimu msahafu, maalim wangu, Mungu amrehemu, alitufundisha mlango wa shirika katika fiqhi. Alikuwa mtu wa mifano. "Mmoja ana jahazi, mwingine ana nguvu," alisema. "Mwenye mali atoe mali, mwenye kazi atoe kazi. Wakipata, wagawane kama walivyoagana. Wakila hasara, huyu amepoteza mali yake na huyu amepoteza jasho lake. Lakini mafungu yasemwe kabla jahazi halijatweka. Yasiposemwa kabla, si shirika, ni ugomvi unaongojewa."

Nikiutazama ushirika huu wa muhogo kwa jicho la maalim, naona mafungu mengine yamesemwa waziwazi na mengine yamenyamaziwa. Mmarekani ametoa dola, fungu lake linajulikana. Mwingereza ametoa pauni. Chuo kimetoa mashine na maprofesa. Taasisi zetu zimetoa mashamba ya majaribio na mishahara ya watumishi, na hizo nazo ni fedha za umma, zimetoka katika kodi ya mwuza samaki na mwenye matatu. Lakini mkulima je? Yeye ametoa kijiti. Ametoa Kaleso aliyomlinda mwembeni kwa miaka hamsini, akatoa Kibandameno ambayo utamu wake ndio watu wanaoutaka urudi ndani ya mti wenye kinga. Fungu hilo halikuandikwa kwa dola, kwa hiyo ni rahisi kulisahau.

Upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 juu ya urithi wa mimea ya chakula, na Kenya imo. Muhogo umeandikwa katika orodha ya mimea ambayo nchi wanachama huachiana kwa utafiti na kilimo, na mkataba wenyewe unazitambua haki za wakulima. Ni jambo jema. Hata hivyo karatasi humfaa anayejua kuwa ipo.

La pili, na ndilo linalonitia hofu zaidi, ni kuondoka kwa mwenye mali. Wizara ya Uingereza iliyokuwa ikishughulikia misaada ilivunjwa mwaka 2020, kazi yake ikaingizwa katika Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka 2025 Uingereza ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake zaidi. Mwaka huo huo Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID, ambalo lilikuwa miongoni mwa wafadhili wa ule muhogo wa uhandisi wa jeni. Sitaki kuwalaumu. Fedha ni zao, na wenyewe wana wapiga kura wao. Lakini muhogo hauna habari ya uchaguzi wa Washington. Inzi mweupe hangoji bajeti ya London.

Sisi tuliahidi nini? Mwaka 2003, kule Maputo, wakuu wa Afrika walikubaliana kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa ajili ya kilimo, na mwaka 2014 kule Malabo wakalikariri neno hilo. Nchi nyingi, yetu ikiwamo, zimekuwa zikitoa chini ya hapo. Basi tunataka kuitwa wabia ilhali tumeingia jahazini mikono mitupu, na mwenye jahazi akishuka twalalama kwamba ametuacha.

Tuliwahi kuonja tamu na chungu ya jambo hili. Afrika Mashariki ilikuwa na utafiti wa kilimo wa pamoja, makao yake Muguga, chini ya Jumuiya. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, kila nchi ikashika njia yake, na Kenya ikaunda taasisi yake mwaka 1979. Mti mmoja ukabaki na majina mawili. Laiti watu wa Kaleso na watu wa Namikonga wangalikuwa wakizungumza muda wote ule, pengine tusingalihitaji maabara kutuambia kwamba tuna bibi mmoja.

WAKFU USIO NA MSIMAMIZI

Nimesema kitabu cha muhogo kimewekwa wazi. Kwa desturi zetu, kitu kilichotolewa hivyo ni kama wakfu. Kisima cha wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Kila apitaye hunywa. Lakini wazee walijua kwamba wakfu bila ya msimamizi hugeuka gofu. Kisima kitajaa mchanga, kamba itaoza, na watu watasema palikuwa na maji.

Wasimamizi wa wakfu huu ni vijana wetu watakaosomea elimu hii wakarudi Mtwapa, Alupe na Kakamega, wakapata mshahara wa kukaa na mashine ya kufanyia kazi. Kitabu kilicho wazi mbele ya asiyejua harufi kimefungwa. Kituo cha Mtwapa kimekwisha kutupa mihogo mizuri, Karembo, Karibuni, Tajirika, Shibe, na Nzalauka, jina ambalo Mgiriama akilisikia hutambua kwamba ndani yake mna nzala, yaani njaa. Waliotoa mbegu hizo wanastahili fungu la kudumu katika bajeti ya Serikali na ya kaunti zetu za Pwani, si fungu la kungoja barua ya mfadhili. Fungu hilo si lazima liwe kubwa kama la Mmarekani. Lililo lazima ni liwe letu, na liwepo mwakani pia.

Usiku ule wa futari, kabla ya kulala, niliandika ubeti huu pembeni mwa gazeti:

Mwenye shamba asopewa, harufi za mbegu yake,
Hata akihadithiwa, hatambui fungu lake,
Mwenzi akiondolewa, hurudi kwenye upweke,
Ubia si kulipiwa, ni kila mtu na chake.

Nilipomweleza shangazi yote niliyoyakusanya, ya Amani na Ibadan na zile juzuu 18, alinisikiliza kimya huku akichambua kisamvu. Nikadhani atanishangilia. Akaniuliza jambo moja tu.

"Hao waliousoma muhogo wetu, mwanangu, waliona umeandikwa kuwa ni wa nani?"

Nikamwambia harufi zile hazisemi mwenyewe ni nani. Zinasema umetoka kwa nani.

"Basi hilo lililobaki tulitie sisi," akasema.

Mvua za masika zilipoanguka nilikwenda tena. Alikuwa ameyakata mashina kumi ya Kaleso vijiti vijiti, amepanda shamba zima, na vilivyosalia amevifunga mafungu saba kwa ukindu, kila jirani na lake. Kibandameno amebakisha mistari miwili, kwa ajili ya utamu. Nami akanipa fungu, na sina shamba. Nimelipeleka kwa mwanangu, Kisauni, akalipanda ukutani.